Majumba ya Sultani na Maji Matamu ya Pwani ya Unguja

Seyyid Said bin Sultan, Sultani wa Oman na Unguja, aliigawa wiki yake baina ya nyumba mbili. Siku nne alikaa Mtoni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Unguja, na siku tatu alikaa Beit al-Sahil, jumba lake la mjini. Tunalijua hilo kwa sababu binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliliandika katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, wakati huo akijulikana kwa jina la Emily Ruete.

Ukifungua leo tangazo la hoteli yoyote ya kifahari ya pwani ya Zanzibar, utakuta ahadi zilezile: utulivu, upepo wa bahari, kuta nyeupe za chokaa, milango ya nakshi, faragha. Matangazo hayo husema kana kwamba mambo hayo yameletwa na ndege za watalii. Yalikuwepo tangu zamani, na magofu yake yako kando ya barabara ya Bububu. Daladala zinayapita kutwa nzima.

Kati ya magofu hayo, Mtoni ndilo kongwe kuliko yote. Ujenzi wake ulianza mwaka 1828, Said alipoanza kuipendelea Unguja kuliko Maskati, na mahali pale hapakuchaguliwa kwa mandhari peke yake. Palikuwa na kijito cha maji matamu kisichokauka. Mjini watu walitegemea visima, vingine vya maji ya chumvichumvi, na manahodha wa meli kubwa walikuwa wakituma mashua Mtoni kujaza mapipa kabla ya safari. Mwenye kujenga pale aliumiliki utulivu na kisima cha bandari nzima kwa pamoja. Kijito kikapitishwa ndani ya jumba lenyewe, kikilisha mabirika na mabafu, kisha kikatoka chini ya kuta na kumwagika baharini.

Salme anasimulia ua mkubwa uliojaa tausi, paa, mbuni na korongo wekundu, watoto wakikimbizana na ndege hao, na upande mmoja safu ya mabafu yasiyokosa watu mchana na usiku. Upande wa bahari ilikuwepo roshani pana ya mbao yenye paa lililochongoka. Hapo ndipo baba yake alipokunywa kahawa jioni pamoja na jamaa wazima, na hapo ndipo alipopenda kutembea peke yake, akienda na kurudi, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi ya vitani iliyobaki mwilini mwake. Palikuwa na darubini pia, ya kutazamia meli zilizoingia. Kwangu mimi, katika yote yaliyoandikwa juu ya mapumziko ya pwani yetu, hakuna picha iliyo hai kuliko hii ya mfalme anayetafuta pahali pa kuwaza.

Lakini watu kama elfu moja waliishi Mtoni, kwa hesabu ya Salme mwenyewe, na wengi wao walikuwa watumwa. Maji ya kuoga, kuni za jikoni, mawe ya kuta, karafuu zilizolipia marumaru na vioo, vyote vilipita mikononi mwao. Salme aliwapenda watu wa nyumbani kwao, ila katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa, na msomaji wa leo hana budi kuyasoma maelezo yake matamu huku akilikumbuka jambo hilo. Walioijenga Mtoni hawakuacha kitabu. Kazi yao tunaisoma ukutani.

Na ukuta una mengi ya kusema. Mawe ni ya matumbawe, yamechimbwa palepale pwani na kushikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kwenye tanuri la magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba kama kichochoro. Ukuta mnene ulichelewesha joto la mchana. Madirisha yalielekezwa kwenye upepo, na ua wa kati ukaivuta hewa. Wasanifu wa hoteli za siku hizi wanaiga sura ya vyumba hivyo, wengine wanaiga hata madaka ya ukutani, kisha wanaziba madirisha na kuweka kiyoyozi. Naliona hilo kuwa ni hasara kubwa, maana kilichofanya nyumba ile iwe ya pwani kimeachwa nje.

Said alifariki baharini mwaka 1856, safarini kutoka Maskati. Beit el-Ras, jumba jengine alilolianza kaskazini ya Mtoni, halikumalizwa, na baadaye mawe yake yakachukuliwa kujengea reli ya Bububu. Mtoni nayo ikaachwa ikachakaa.

Aliyefuata kwa mapenzi ya pwani ni mwanawe, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kusini ya mji alijenga Chukwani, mahali pa kwenda kupata nafuu baada ya maradhi. Kaskazini, kati ya 1880 na 1882, alijenga Marahubi kwa ajili ya masuria wake. Barghash alikuwa amezuru Uingereza mwaka 1875, na husemwa kwamba ukuta mrefu wa kuzunguka bustani ya Marahubi aliutamani huko. Chini palijengwa kwa mawe, juu kwa mbao, na roshani pana ikabebwa na nguzo nene za mawe. Mwaka 1899 moto uliila sehemu yote ya mbao. Marumaru za mabafu ziliibwa. Zimebaki nguzo zimesimama safusafu, mabafu, mfereji wa maji, na birika lenye mayungiyungi. Kwa maneno mengine, kilichodumu zaidi Marahubi ni mitambo ya maji. Barghash huyuhuyu ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi, na wananchi wakayachota bure. Kati ya yote aliyoyajenga, hilo ndilo ninalolihesabu kuwa kubwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 pwani haikuwa tena ya wafalme, na kwa miaka mingi haikuwa ya watalii pia. Mwaka 1986 Zanzibar ilipitisha sheria ya kulinda vitega uchumi, na kuanzia hapo hoteli zikaota Nungwi, Kiwengwa, Paje na kwengineko, upande ambao masultani hawakujenga majumba yao. Huko hakuna kijito kama cha Mtoni. Maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba wenye matundu, na ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Utafiti wa mtaalamu Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta mgeni mmoja wa pwani ya mashariki akitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Bustani za kumwagilia na mabwawa ya kuogelea yalichangia sehemu kubwa. Ndoo ya mwanakijiji na bwawa la mgeni vinachota tabaka lilelile.

Njia nyengine ipo, na tunayo karibu. Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji, kilikuwa na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na msikiti mdogo. Mwaka 1994 Serikali ilitangaza mwamba wake wa matumbawe kuwa hifadhi, chini ya uendeshaji wa kampuni binafsi, na wavuvi wa zamani wakafunzwa kuwa walinzi. Nyumba za wageni ni saba tu, za miti na makuti, mbele ziko wazi kuelekea baharini ili upepo uingie. Paa ndilo linalokinga mvua, maji yanachujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu, na jua ndilo linaloyapasha moto. Choo hakitumii maji. Yanayotoka bafuni hupita kwenye vitanda vya mimea, yasiifikie bahari yakiwa machafu. Mgeni analipa fedha nyingi kulala humo, na maji anayoogea ni yale yaliyoanguka juu ya kichwa chake wakati wa masika.