Ivuna vitabuni: chumvi, kimondo na simulizi za Bibi Narwimba

Mwaka 2022 jarida la Science la Marekani lilitoa makala ya watafiti walioongozwa na Wajapani, na kwenye kichwa cha makala hiyo limo jina Ivuna. Ndiyo Ivuna hii ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, kusini mwa Ziwa Rukwa. Wanaosomea vimondo popote duniani hukutana na jina hilo mapema kabisa katika masomo yao. Wanahistoria nao wanalo katika vitabu vyao. Lakini panda basi la Tunduma, uliza abiria mmoja mmoja Ivuna ina nini, na wengi watakujibu samaki, mpunga na joto.

Kwa anayependa vitabu na hajui asome nini wikiendi hii, napendekeza afuate njia ambayo bonde la Rukwa limepita katika maandishi.

Aanze na Joseph Thomson, Mskoti aliyeliona ziwa hilo mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 22. Alilipachika jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo halikudumu. Kitabu chake, To the Central African Lakes and Back, kilitoka mwaka 1881 katika juzuu mbili. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Chuma, mmoja wa wale waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani. Nashauri kisomwe kwa kumfuata Chuma kuliko kumfuata Thomson. Kila panapotajwa chakula kupatikana, wapagazi kutulizwa au ruhusa ya kupita kuombwa, msomaji ajiulize ni nani hasa aliyekuwa akiifanya kazi hiyo.

Kisha iko chumvi. Mwaka 1968 Brian Fagan na John Yellen walichapisha katika jarida la Azania matokeo ya uchimbaji wao wa mambo ya kale hapa Ivuna. Walionyesha kwamba watu waliishi na kutengeneza chumvi kwenye chemchemi za maji ya chumvi za hapa tangu karne ya 13 hadi mwanzoni mwa karne ya 15, miaka mingi kabla ya mzungu yeyote kuchora ramani ya Rukwa. Chumvi ya namna hii inataka subira. Maji ya chemchemi yakikauka huacha weupe juu ya ardhi. Udongo ule hukwanguliwa, humwagiwa maji, maji yakachujwa taratibu, kisha yakachemshwa chunguni mpaka ibaki chumvi tupu. Chombo kikipasuka hutupwa palepale, na vigae hivyo ndivyo mwanaakiolojia anavyovisoma baadaye kama kurasa. Toleo hilohilo la Azania lina makala ndefu ya Sutton na Roberts kuhusu chumvi ya Uvinza, kwa hiyo msomaji anaweza kulinganisha sehemu mbili zilizotoa chumvi. Ni maandishi ya kitaalamu, yana majedwali mengi, lakini mwenye moyo wa kusoma hatajuta.

Baada ya chumvi kuna kimondo. Kimondo cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja: gramu 705. Kimondo cha aina hii ni cheusi, laini, na kikilowa maji humomonyoka, na Desemba pande hizi ni masika. Kama kisingeokotwa mapema, mvua ingekimaliza. Thamani yake ni kwamba, ukiacha hewa kama hidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa vitu vilivyomo unakaribia sana ule wa jua lenyewe. Ni kipande cha mwanzo wa sayari zote. Vimondo vya kundi hili vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu, kikubwa kikiwa cha Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864, lakini jina la kundi zima lilitolewa Ivuna. Ndiyo maana chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta duniani takriban gramu 5.4 za asteroidi Ryugu tarehe 6 Desemba 2020, watafiti walizilinganisha na kimondo chetu wakakuta vinafanana.

Hata hivyo, kama nafasi ya wikiendi inatosha kitabu kimoja tu, nisingechagua kimondo wala chumvi. Ningechagua vitabu vidogo viwili vilivyotolewa London na Sheldon Press mwaka 1932 (ni vidogo, kwa hiyo navihesabu kimoja). Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moraviani aliyeishi Utengule, huko Usafwa, alikaa na watu akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Kimoja, Stories of Old Times, kina simulizi za wanawake wawili, Bibi Narwimba na Chisi. Cha pili, Ways I Have Trodden, ni maisha ya Msaturwa Mwashitete, Mnyiha aliyekuja kuwa mwalimu. Narwimba alifiwa na mume, akabaki bila kinga katika nyakati za vita na biashara ya utumwa, na simulizi yake yote ni mama anayehangaika kuwaokoa watoto na wajukuu. Chisi alitekwa angali mtoto. Vitabu vingi vya karne ya 19 vinatupa majina ya machifu na wafanyabiashara. Hapa anasema yule aliyekuwa akiuzwa. Marcia Wright, mwanahistoria wa Marekani, alizirudia simulizi hizi katika Strategies of Slaves and Women, mwaka 1993, na maelezo yake yanasaidia sana kujua nani alipita wapi na kwa nini.

Vitabu hivyo viwili vilitoka Kijerumani vikaingia Kiingereza. Kwa Kiswahili sijawahi kuviona, wala kimondo cha Ivuna sijakikuta katika kitabu cha Kiswahili cha watoto. Wachapishaji wa Dar es Salaam na walimu wa Mbozi na Momba, kazi hii ni yenu. Anzeni na Narwimba.