Mahakama ya Wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Virginia

Heshima kwetu hukaa baina ya watu: hutolewa, huvunjwa, na aghalabu hurudishwa. Katika Virginia ya Marekani neno lililo sawa nalo lilikuwa mali ya mtu binafsi, na aliyeipoteza hakuwa na njia ya kuirudia. Tofauti hii yafaa ikumbukwe na kila atakayeieleza habari ya mahakama ile kwa Kiswahili.

Thomas Jefferson alipofungua chuo chake mwaka wa 1825 alikusudia makosa madogo yaamuliwe na baraza la wanafunzi sita. Halikuota mizizi. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo zilitokea ghasia, na wanafunzi wakakataa kuwataja wenzao, masharti yakakazwa. Usiku wa tarehe 12 Novemba, 1840, Profesa John A. G. Davis alipigwa risasi na mwanafunzi aliyejifunika uso, akafa siku mbili baadaye. Katika mwaka wa 1842 Henry St. George Tucker, aliyeshika nafasi yake ya kufundisha sheria, alipendekeza kila mtahiniwa aahidi kwa maandishi, kwa heshima yake, kwamba hakusaidiwa. Katika ahadi hiyo ndogo ya mitihani ndimo lilimochipuka baraza la wanafunzi lililohukumu uongo, wizi na udanganyifu, lenye adhabu moja tu: kufukuzwa daima.

Heshima hiyo ilikuwa ya nani? Watumwa waliokijenga chuo na kuwatumikia vijana wale vyumbani waliona mengi, lakini sheria ya Virginia haikuwaruhusu kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu.

Adhabu isiyo na daraja ndiyo iliyolipa baraza haiba yake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyolidhoofisha. Mwanafunzi aliyemwona mwenziwe akinakili alisita kumshtaki, akijua mwisho wake. Walimu nao wengine walinyamaza. Lile tatizo la 1825 likawa limerudi kwa mlango mwingine. Mwezi wa Machi 2022 wanafunzi walipiga kura, na kwa wingi mkubwa wakaweka kusimamishwa masomo mihula miwili mahali pa kufukuzwa. Mwaka uliofuata wakakubali adhabu za namna mbalimbali. Baraza lingali mikononi mwa wanafunzi, ila kufukuza sasa ni adhabu moja miongoni mwa nyingine.