Nani Anashika Daftari?

Ukimpeleka mgonjwa Muhimbili kuna uwezekano mkubwa wa kuambiwa "nenda Sewahaji". Utaulizia njia, utapanda ngazi, utamkuta mgonjwa wako, na maisha yataendelea. Nimewauliza watu kadhaa Sewahaji ni nani. Wengi walicheka tu. Mmoja, tena msomi wa chuo kikuu, alinijibu kwa uhakika kabisa kwamba ni jina la kijiji cha Kizaramo. Haya bwana.

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara, Mhindi Mkhoja aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Jina lake liko hospitalini kwa sababu alitoa fedha za kujenga moja ya hospitali za mwanzo za Dar es Salaam miaka ya 1890. Lakini leo sitaki kuzungumzia sadaka zake. Nataka kuzungumzia duka, na swali ambalo limekuwa likizunguka kwenye familia yetu tangu mwaka jana: mzee akitaka kumwingiza kijana kwenye uongozi wa biashara, anamkabidhi nini hasa?

Turudi Bagamoyo. Biashara ya akina Sewa Haji ilikuwa ya kuhudumia misafara ya kwenda bara: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, na zaidi ya yote, wapagazi. Mwaka 1871 alifika mwandishi wa habari mmoja (ndiyo, mwenzetu) aitwaye Stanley, akiwa na haraka ya kwenda kumtafuta Livingstone. Tajiri wa Unguja, Tarya Topan, alimwelekeza kwa kijana wa Bagamoyo ambaye angempatia wapagazi. Kijana huyo ndiye Sewa Haji. Stanley kaandika kurasa nzima akimlalamikia: hesabu zake, bei zake, ujanja wake. Katika kitabu jina kalipotosha, lakini hasira haikupotoka hata kidogo.

Sasa piga hesabu. Aliyezaliwa 1851, mwaka 1871 ana miaka ishirini. Mimi nikiwa na umri huo nilikuwa nasubiri boom chuoni. Mwenzangu anabishana na Stanley kuhusu ankara, na Stanley anaondoka Bagamoyo akiwa amelipa. Sitetei ankara zile, huenda kweli aliongezewa. Ninachokiona ni kwamba nyumba ile ya biashara ilikuwa imemwachia kijana jambo zito na la hatari, likiwa na fedha ya kweli ndani yake.

Katika nyumba hiyohiyo alipita kijana mwingine, Allidina Visram, aliyekuja kutoka Kutch, India, akiwa mvulana mdogo. Hakuwa mtoto wa Sewa Haji, walikuwa karibu rika moja. Alikuwa mtu wa jamaa, wa jumuiya moja, na aliifahamu kazi kwa kuifanya. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, nyumba na viwanja vyake viliachwa kwa ajili ya hospitali na wagonjwa. Aliyeendeleza ile kazi ya misafara alikuwa Allidina. Na muda si muda akaona kwamba misafara yenyewe inakufa, maana reli ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Akaifuata reli. Kila ilipofika, naye akafungua duka, hadi Kisumu, na maduka yake yakafika hata Kampala. Kufikia kifo chake mwaka 1916 alikuwa na maduka zaidi ya mia mbili, viwanda vya kuchambua pamba, mashamba, na mawakala hadi mpaka wa Kongo.

Halafu? Kufikia katikati ya miaka ya 1920 himaya ile ilikuwa imesambaratika.

Mrithi alikuwa mwanawe, Abdulrasul. Ukipita Mombasa utaiona shule aliyoijenga kwa kumbukumbu ya baba yake, Allidina Visram High School, iliyofunguliwa mwaka 1923. Ni rahisi kusema mtoto wa tajiri alikula mali. Nakataa. Alirithi katikati ya vita vya dunia. Vita vilipokwisha, bei ya pamba ikaanguka, na fedha yenyewe ikabadilishwa mara mbili ndani ya muda mfupi, kutoka rupia kwenda florini, kutoka florini kwenda shilingi. Ukiwa na madeni na wadaiwa katika mamia ya vijiji, hapo hata babu angetoka jasho. Abdulrasul mwenyewe hakuishi muda mrefu baada ya baba yake. Ila kuna jambo moja ambalo naamini lilichangia. Maduka yale yalikwenda kwa imani, na imani ile ilikuwa kwa mtu mmoja. Wakala wa kijijini alimjua Allidina, Allidina alimjua wakala. Majengo unaweza kumrithisha mtu kwa karatasi. Kujuana kule hakuandikwi kwenye wosia.

Linganisha na kijana mwingine. Muljibhai Madhvani alifika Uganda mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka 14, akaingia kwenye duka la jamaa zake Iganga. Kwa utaratibu wa maduka yale, kijana aliyeletwa kutoka kwao alikula na kulala dukani, akapima chumvi, akafagia, akajifunza lugha ya wateja. Baada ya miaka miwili mitatu alipewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake kijiji cha mbali. Wafanyabiashara wa Kariakoo mnaijua, ndiyo hiyohiyo mali kauli: chukua mzigo, uza, leta pesa. Muljibhai naye hakukaa Iganga. Alipelekwa kuendesha duka Kaliro, kisha Jinja. Kule hakuna mjomba wa kumchungulia droo kila jioni. Akikopesha ovyo, hasara inaonekana kwenye daftari lake mwenyewe, na hasara ya duka moja la kijijini haiangushi nyumba nzima.

Huyo ndiye aliyejenga kiwanda cha sukari cha Kakira, mwaka 1930. Na alipofariki mwaka 1958, mwanawe Jayant alikuwa na zaidi ya miaka kumi ndani ya biashara, na wadogo zake nao wakiwemo. Jayant akafariki ghafla mwaka 1971 akiwa na miaka 49. Mwaka uliofuata Amin akawafukuza Waasia, mdogo wake Manubhai akatiwa ndani, Kakira ikachukuliwa. Yaani kila pigo unaloweza kulifikiria. Mwaka 1985 familia ikarudi kuifufua Kakira, na sukari yake bado iko sokoni.

Sasa nije nyumbani. Baba yangu mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar, miaka zaidi ya thelathini, na miguu haimtaki tena. Mwanawe wa kiume yuko Dodoma na ajira yake, hana hata hamu ya kujua bei ya misumari. Dukani yupo binti wa shangazi, mwaka wa sita huu. Anajua nani analipa na nani anakimbia. Mwaka jana baba mdogo alitangaza mbele ya ukoo kwamba binti ndiye kiongozi wa duka, akampa funguo, tukapiga makofi, tukala pilau. Lakini wanaoleta mzigo bado wanampigia mzee. Daftari la mali kauli bado linalala chini ya mto wa mzee. Binti akikataa kumkopesha fundi mdaiwa sugu, fundi anakwenda nyumbani kwa mzee, anarudi na kikaratasi. Na kuna wajomba wanaosema wazi kwamba duka la ukoo haliwezi kuongozwa na binti atakayeolewa kwingine.

Kwa hili la mwisho historia niliyoisimulia haitusaidii, maana nayo ilikuwa na milango yake iliyofungwa. Mabinti hawakuulizwa. Na wasaidizi Waafrika, waliobeba magunia miaka ishirini katika duka moja, hawakupewa daftari. Hata wangepewa, hesabu nyingi ziliandikwa Kigujarati. Matunda yake yalionekana Uganda mwaka 1972, maduka yalipogawiwa wanajeshi na watu wa karibu na serikali, wale walioitwa "mafuta mingi". Kuna kisa kinachosimuliwa sana, cha mmoja aliyeuza mashati kwa namba ya kola akidhani ndiyo bei. Watu hucheka. Mimi nacheka nusu. Alipewa funguo na shehena, lakini hakuna aliyewahi kumfungulia daftari.

Nilimweleza baba mdogo habari za Kaliro na Jinja. Alisikiliza, akauliza kama Wahindi wale walikuwa wanafunga hesabu kila wiki au kila mwezi, akanyamaza. Wiki iliyopita nimesikia amekodi fremu Mbagala. Duka dogo, mabati na saruji tu, jina la biashara na namba ya simu ni za binti, na wenye mzigo wameambiwa wazungumze naye. La Kariakoo anabaki nalo mzee kwa sasa. Wajomba wameitisha kikao Jumapili.