Nani alilipia wakati wa Phil Taylor?

Wenzangu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mungali mu oditwari, kuna hadithi moja inazunguka sana ku magrupu yetu. Fundi maskini wa kiwanda kule Uingereza, hana diploma, mke wake anamununulia vishale kwa siku yake ya kuzaliwa, na kisha miaka minne yeye ni bingwa wa dunia. Chini yake wanaandika: amini ndoto yako, lala kidogo, fanya bidii. Hadithi yenyewe ni ya kweli. Mtu huyo anaitwa Phil Taylor, bingwa wa dunia mara 16 mu mchezo wa vishale, na hakuna mwingine amefika hesabu hiyo. Ila mimi nilisoma historia, na historia inapenda kuuliza kitu kimoja kile watu wa kutia moyo hawapendi kuuliza: mu hiyo miaka minne, nani alikuwa analipa chakula?

Taylor alizaliwa mwaka 1960 ku Stoke-on-Trent, mji wa udongo. Kule watu walifinyanga sahani, vikombe, vigae na vyoo kwa zaidi ya miaka 200. Wa Likasi na Kolwezi mutaelewa haraka: mji ukiishi kwa kazi moja, mtoto anajua tangu shule ya msingi mahali atafanya kazi. Taylor aliacha shule mapema. Kazi yake moja ilikuwa kutengeneza vishikio vya udongo vya chooni, na alikuwa anapata pauni 52 kwa wiki. Ukubwani alikuwa na mke na watoto. Vishale alikuwa anatupa kwa kujifurahisha tu, sawa vile sisi tunacheza karata mangaribi.

Mwaka 1986 akahamia Burslem, sehemu moja ya mji ule. Njo pale bahati yake iliingia. Karibu na nyumba kulikuwa baa ya Eric Bristow.

Kwa wale hawamjui: Bristow ndiye alikuwa mfalme wa vishale wakati ule. Mtoto wa London, alizaliwa 1957, mwenye maringo na mdomo mrefu, bingwa wa dunia 1980, 1981, 1984, 1985 na 1986. Ku televisheni ya Uingereza alijulikana karibu sawa na wachezaji wa mpira. Alikuwa anashika kishale na kidole kidogo kimenyooka juu, kama bibi wa ikulu anakunywa chai. Basi bwana huyu akaona fundi wa vyoo anatupa vizuri mu baa yake. Taylor akaanza kucheza timu ya jimbo la Staffordshire, na Bristow akamwambia aache kazi. Akamupa karibu pauni 10,000.

Hapa naomba tusimame kidogo. Pauni 10,000, ukigawanya kwa pauni 52, inatoa wiki 192. Ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya mshahara wa kiwanda. Na haikuwa zawadi. Ilikuwa mkopo, na sharti lilikuwa kurudisha. Kwa hiyo kile Bristow alinunua hakikuwa vishale wala tiketi za ndege peke yake. Alinunua wakati. Mtu aliyekuwa anatoka kazini na mikono imechoka, akapata siku nzima ya kusimama mbele ya ubao.

Kwa nini wakati ni kitu kikubwa hivyo mu mchezo huu? Tuangalie ubao wenyewe. Katikati yake iko mita 1.73 kutoka chini. Mchezaji anasimama nyuma ya mstari, mita 2.37 kutoka ubao. Anaanza na pointi 501, anatoa kila alichopata mpaka afike sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie mu mzingo mwembamba wa nje, ule unaozidisha namba mara mbili. Kipande chenye faida kubwa ni kidogo cha 20, kile kinazidisha mara tatu: 60 kwa kishale kimoja, 180 kwa vishale vitatu. Lakini aliyepanga namba alikuwa na akili ya mwalimu mkali: 20 imewekwa kati ya 1 na 5. Ukikosa kidogo tu, unaadhibiwa. Njia fupi kabisa ya kumaliza 501 ni vishale tisa. Hakuna mpinzani wa kukusukuma, hakuna upepo, hakuna mwamuzi wa kulalamikia. Ni mkono kurudia kitendo kimoja, mara elfu na elfu, bila tofauti. Mkono wa namna hiyo haupatikani ku saa moja ya usiku baada ya kiwanda. Wachache sana waliupata hivyo.

Mwalimu wenyewe hakuwa mpole. Taylor amesimulia mara nyingi kwamba akipiga simu kueleza amefika fainali na kushindwa, Bristow alikuwa anamukata: nipigie siku utashinda. Mwaka 1988 alishinda mashindano ya wazi ya Kanada. Januari 1990 akaingia ubingwa wa dunia ku Lakeside, Frimley Green, bila kuwekwa kati ya wakubwa wa mashindano. Wa kubeti walimupa 125 kwa moja: weka pauni moja, akishinda unavuta 125. Akafika fainali, na ku upande wa pili akamukuta Eric Bristow.

Taylor alishinda seti 6 kwa 1. Zawadi ilikuwa pauni 24,000, zaidi ya mara mbili ya ule mkopo.

Watu wanapenda kusema mwanafunzi alimushinda mwalimu, na wanaishia pale. Kumbe kuna kitu chini ya fainali hiyo. Tangu mwisho wa 1986, Bristow alikuwa mgonjwa wa ugonjwa ule wachezaji wanaita dataitisi: mkono unainuka, jicho liko ku shabaha, lakini vidole vinakataa kuachia kishale. Si maumivu, si kilema cha kuonekana. Mtu ametupa vishale tangu utoto, asubuhi moja vidole vinagoma. Alipigana nao kwa miaka, akafika fainali tena 1987, 1989, 1990 na 1991, na zote nne alishindwa. Bingwa wa dunia hakuwa tena. Ukiweka tarehe moja kando ya nyingine, utaona kwamba mkopo kwa Taylor ulitoka kwa mtu ambaye mkono wake mwenyewe ulikuwa unakufa. Mimi sitasema alifanya hivyo juu ya ugonjwa, moyo wa mtu hauko mu nyaraka. Lakini najua wengi, mkono wao ukianza kufa, wanafunga mlango.

Sasa ile sehemu magrupu hayatumi kabisa, na kwangu ni sehemu kubwa. Taylor aliingia mu kazi hii wakati kazi yenyewe ilikuwa inabomoka. Mwanzo wa miaka ya 1980 vishale vilijaa ku televisheni ya Uingereza. Mwisho wa miaka hiyo ITV iliviacha, na BBC ikabaki na ubingwa wa dunia tu. Juma moja kwa mwaka! Bila televisheni hakuna kampuni ya kutangaza, bila kampuni hakuna mshahara. Bingwa wa dunia wa 1990 alikuwa bingwa wa kazi iliyoonekana mara moja kwa mwaka.

Chama kilichoongoza kiliitwa BDO, kilianzishwa 1973 na Olly Croft. Tusikidharau. Ile timu ya jimbo iliyomulea Taylor ilikuwa mu mashindano ya BDO, na watu wengi waliyabeba kwa kujitolea. Ila chama kilikuwa na mawazo ya wapenda mchezo wa Jumamosi, na wachezaji wakubwa walikuwa na minervali ya watoto ya kulipa. Mwaka 1992 wakaunda chama chao, WDC. Januari 1993, ku ubingwa wa dunia, walivaa alama ya WDC ku mashati wakaamriwa kuitoa. Wachezaji 16, kati yao mabingwa wote wa dunia waliokuwa bado wanacheza, Taylor na Bristow pamoja, wakatangaza kwamba wanaondoka.

BDO ikawafungia. Tena si wao tu: hata aliyewaalika ku maonyesho au kucheza nao alitishiwa kufungiwa. Fikiria mtu anaishi kwa kuzunguka baa na klabu akicheza na wenyeji, halafu wenyeji wanakatazwa kucheza naye. Wawili walirudi nyuma, mmoja wao Mike Gregory, yule aliyekosa vishale sita vya kumaliza mu fainali ya 1992, Taylor akachukua ubingwa wa pili ku raundi ya mwisho kabisa. Sipendi wanaomuita Gregory mwoga. Kugoma kunahitaji akiba, na si kila mtu ana akiba.

Waliobaki 14 walienda kucheza ubingwa wao wa kwanza mwaka 1994, ku Circus Tavern, Purfleet, ukumbi mdogo wa burudani kandokando ya Thames, televisheni ya Sky ikionyesha. Dennis Priestley alimupiga Taylor 6 kwa 1. Kesi ilivutana mpaka 1997, ikamalizwa kwa mapatano: waasi waliitambua BDO na kubadili jina kuwa PDC, BDO ikakubali kwamba mchezaji ana haki ya kuchagua mahali atacheza. Miaka 23 baadaye, mu 2020, BDO ilifilisika.

Ushindi wenyewe wa Taylor nitaupitia mbio, juu unapatikana popote. Fainali 14 za dunia mfululizo kutoka 1994 hadi 2007. Mataji manane ya kufuatana, 1995 hadi 2002, mpaka John Part wa Kanada alimukata 7 kwa 6 mwaka 2003. Vishale tisa mbele ya kamera ku Blackpool 2002, mara ya kwanza kuonyeshwa moja kwa moja ku televisheni ya Uingereza. Mwaka 2010, vishale tisa mara mbili ndani ya fainali moja, dhidi ya James Wade. Taji la 16 mwaka 2013, akiwa na miaka 52. Wanaosema ni mchezo wa walevi wajaribu kufanya kitu chochote sawasawa hivyo kwa miaka 23.

Na kwa kuwa hii ni historia, si sifa za mazishi, la 2001 pia tuliandike: mahakama ilimukuta na hatia ya kushika wanawake wawili kwa nia mbaya, akalipishwa faini, na nishani ya kifalme aliyokuwa amepangiwa ikafutwa. Hadithi za magrupu hazina kipande hiki. Wale wanawake pia wako mu maisha haya.

Fainali yenye iko ku roho yangu si fainali. Ni nusu fainali ya 1997, mwaka uleule wa mapatano. Bristow, miaka 39, mkono umeharibika tangu miaka kumi, akasimama mbele ya Taylor aliyekuwa kileleni. Walipelekana mpaka 4 kwa 4. Taylor akachukua seti ya tisa. Bristow hakufika tena karibu na taji la dunia, baadaye akafanya kazi na televisheni ya Sky.

Taylor alitupa fainali yake ya mwisho tarehe 1 Januari 2018, ku Alexandra Palace, London, akiwa na miaka 57. Mpinzani alikuwa Rob Cross, fundi umeme ambaye mwaka mmoja na nusu kabla alikuwa bado anapata mkate wake mu nyaya. Cross hakuwa na Bristow. Alikuwa na mashindano madogo ya PDC, yale ya watu wasio na kadi ya kulipwa: mwaka 2016 alimaliza wa kwanza mule, akapata kadi, akaacha nyaya. Ngazi hiyo haikuwepo mwaka 1988. Wakati ule mahali pake palikuwa mwenye baa na pochi yake, na ilipatikana kwa sababu watu 16 walitoka mu chama bila kujua kesho watakula nini. Cross alishinda 7 kwa 2 na kubeba pauni 400,000. Taylor aliweka vishale vinane safi mfululizo mu mchezo ule, cha tisa kikatoka nje ya 12 ya mara mbili.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Aprili, ligi ya PDC ilikuwa inacheza ku Liverpool. Bristow alikuwa mjini mule, moyo ukasimama, akafa na miaka 60. Habari zilifika ukumbini wakati michezo inaendelea, na watu wakaanza kuimba jina lake.