Jazi katika Utumishi wa Propaganda: Usuli wa Tamthilia ya Propaganda Swing

Mwaka 2014 tamthilia ya Peter Arnott iitwayo Propaganda Swing ilionyeshwa huko Coventry na Nottingham, Uingereza. Kiini chake ni kisa cha kweli cha Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, yaani bendi ya jazi iliyotumikia serikali ya Hitler. Ili kuelewa uzito wa mchezo huo, hapana budi kwanza kuitazama historia yenyewe.

Wanazi waliibeza jazi kwa kuihesabu kuwa ni muziki wa watu weusi na Wayahudi. Oktoba 1935 ilipigwa marufuku katika redio ya Ujerumani. Mwaka 1938 yalifanywa maonyesho mjini Düsseldorf ya kuushutumu muziki ulioitwa potovu. Tangazo lake lilimchora mtu mweusi akipuliza saksafoni, na nyota ya Kiyahudi kifuani. Hata hivyo, vita vilipopamba moto, Wizara ya Propaganda ya Goebbels ndiyo iliyoigharamia bendi ya Charlie and His Orchestra, iliyoongozwa na Lutz Templin, mwimbaji wake akiwa Karl Schwedler.

Mbinu yao ilikuwa nyepesi. Walitwaa nyimbo zilizopendwa Uingereza na Marekani, wakaimba ubeti wa kwanza kama ulivyotungwa ili msikilizaji asizime redio. Kisha maneno yaligeuzwa, wakadhihakiwa Churchill, Roosevelt na Wayahudi. Kasumba ilitiwa ndani ya asali. Wapigaji nao walipata faida: kazi hiyo iliwaepusha na medani ya vita. Mwaka 1943 mabomu yalipozidi Berlin, bendi ilihamishiwa Stuttgart.

Vita vilipokwisha, William Joyce, aliyeitangazia Uingereza kutoka Ujerumani, alinyongwa London Januari 1946. Sheria ilimhesabu msaliti kwa kuwa alikuwa na pasi ya Uingereza. Wanamuziki wengi hawakuwa raia wa nchi hiyo; waliendelea na jazi yao, na baadhi yao waliwapigia hata askari wa Marekani. Sheria ilitenganisha kinywa na ala. Je, maadili nayo yanaweza kuvitenganisha?

Hapo ndipo penye nguvu ya tamthilia hii. Jazi hupigwa jukwaani, na hadhira huvutwa na mdundo kabla haijayapima maneno, kama walivyovutwa wasikilizaji wa redio. Tena ilichezwa Coventry, mji ulioteketezwa na ndege za Kijerumani usiku wa 14 Novemba 1940, wakafa watu zaidi ya 500.

Wahenga walisema lila na fila havitangamani. Historia ya bendi hii yaonyesha kwamba vyaweza kulazimishwa kukaa katika wimbo mmoja, na kwamba anayelipa gharama si mwimbaji peke yake. Msanii anayedai kuwa alipiga ala tu hana budi kuulizwa alimpigia nani, na ala yake ilifunika sauti ya nani.