Soko Chini ya Paa Moja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, pwani ya Kilwa na Lindi

Natumaini ya kuwa mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: soko, njia, mlango. Somo letu la leo limo ndani ya maneno hayo matatu.

Leo tutasoma habari za majumba ya maduka. Jumba la maduka ni nyumba kubwa moja yenye maduka mengi ndani yake, paa moja, na milango michache ya kuingilia. Ukiwa nje huoni bidhaa, unaona ukuta tu. Ukiisha kuingia unaona kama mtaa mzima: maduka ya nguo, ya viatu, ya dawa, ya vyakula, na watu wakipita katikati yake wala hawapigwi na jua wala na mvua.

Labda mtu wa Mchinga atauliza, "Habari hizo zinatuhusu nini sisi, tunaouza samaki ufukoni na muhogo kando ya barabara?" Zinatuhusu sana. Katika mji wa Dar es Salaam kuna jumba la maduka lenye jina la watu wa pwani hii hii. Tutafika huko. Kwanza tuanze mwanzo.

Kuliezeka soko si jambo geni duniani. Istanbul, katika nchi ya Uturuki, kuna soko lenye paa lililoanza katika karne ya 15. Milan, katika nchi ya Italia, kuna njia ya maduka iliyoezekwa kwa vioo, nayo ilimalizika mwaka 1877. Lakini masoko hayo yamo katikati ya mji, mahali ambapo watu walikuwa wakipita tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa kulichukua soko, kulipeleka nje ya mji, na kulifunga ndani ya kuta.

Jambo hilo lilitokea Marekani, katika jimbo la Minnesota. Tarehe 8 Oktoba, 1956, lilifunguliwa jumba liitwalo Southdale, katika Edina, kiunga cha mji wa Minneapolis. Lilikuwa na maduka 72, na gharama yake ilikuwa kadiri ya dola milioni 20. Minnesota ni nchi ya baridi kali. Wakati wa kipupwe maziwa yake huganda, watu wakaweza kutembea juu ya maji. Lakini ndani ya Southdale hewa ilitengenezwa kwa mashine, ikawa ya namna moja mwaka mzima, kadiri ya digrii 24. Katikati paliwekwa bustani yenye miti, ziwa dogo la samaki, na tundu kubwa la ndege.

Aliyelichora jumba hilo aliitwa Victor Gruen. Alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1938 Wanazi wa Ujerumani walipoitwaa nchi yake, alikimbilia Marekani. Kwao Vienna watu walitembea kwa miguu, wakakutana viwanjani na mikahawani, wakaulizana habari. Marekani aliona mambo mengine. Baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, Wamarekani wengi walihama mijini wakanunua nyumba viungani. Serikali iliwasaidia kwa mikopo na kwa barabara pana. Si wote waliokaribishwa huko: katika viunga vingi watu weusi walizuiwa kununua nyumba, kwa masharti yaliyoandikwa katika hati na kwa kunyimwa mikopo.

Gruen aliona kwamba viunga hivyo vina nyumba na magari, lakini havina mahali pa watu kukutana. Kwa hiyo akataka kuwajengea uwanja wa mji. Kampuni ya Dayton, wenye duka kubwa mjini Minneapolis, walikuwa wamenunua zaidi ya ekari 400 za ardhi. Gruen alikusudia kujenga hapo si maduka tu, bali nyumba za kukaa, shule, hospitali na bustani, watu wapate kutembea kutoka nyumbani mpaka sokoni.

Sasa tazameni jinsi jumba lile lilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye siri ya biashara yake. Kwanza, nje yake palitengenezwa mahali pa kuegesha magari zaidi ya 5,000. Pili, ndani yake yaliwekwa maduka makubwa mawili yaliyokuwa yakishindana, la Dayton na la Donaldson. Wengine walistaajabu: kwa nini mtu amkaribishe mshindani wake nyumbani kwake? Lakini mtu akitoka duka kubwa hili kwenda lile hupita mbele ya maduka madogo. Mshona viatu na muuza maua wakapata wateja ambao peke yao wasingewapata. Basi Gruen hakujenga kuta tu. Alijenga njia ya watu, kisha akapanga maduka kando ya njia hiyo.

Biashara ilistawi. Wenye mali wengine waliona faida, wakajenga majumba kama hilo kila mahali. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 iliwapunguzia kodi wajengao majumba mapya ya biashara, kwa hiyo fedha nyingi zikaenda viungani. Lakini ule mji ambao Gruen aliukusudia haukujengwa kama alivyouchora. Jumba la maduka lilibaki limezungukwa na magari, na asiye na gari aliona taabu kufika. Katika miji mingi maduka ya katikati ya mji yalipungua au yakafungwa, na maskini waliobaki huko wakakosa mahali pa kununua karibu na kwao.

Tena likatokea swali la mlango. Soko la mji ni mali ya watu wote. Mtu aweza kusimama hapo akahubiri, akagawa karatasi, au akapumzika tu kivulini. Lakini jumba la maduka lina mwenyewe. Mwaka 1972 mahakama kuu ya Marekani ilihukumu kesi ya watu waliogawa karatasi za kupinga vita vya Vietnam ndani ya jumba la maduka katika mji wa Portland. Mahakama ilisema kwamba mwenye jumba ana haki ya kuwazuia. Basi mahali panapofanana na uwanja wa mji palikuwa nyumba ya mtu, na mwenye nyumba ndiye aamuaye nani aingie na afanye nini.

Gruen mwenyewe alihuzunika. Mwaka 1968 alirudi kwao Vienna. Mwaka 1978, akihutubia mjini London, aliyakana majumba hayo hadharani, kama baba anayemkana mtoto aliyesingiziwa. Alifariki mwaka 1980.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuvuke bahari tuje kwetu. Nairobi, katika kiunga cha Westlands, jumba liitwalo Sarit Centre lilifunguliwa mwaka 1983. Dar es Salaam, mwaka 2006, lilifunguliwa Mlimani City, kando ya barabara ya Sam Nujoma, katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliolijenga ni kampuni ya Turnstar ya Botswana. Lilifuata mfano ule ule: nje magari, ndani hewa ya kupozwa, na maduka makubwa ya kuvuta watu. Maduka hayo makubwa yalibadilika. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, na Nakumatt nayo ikaanguka baada ya miaka michache. Lakini jumba halikufa, maana liko kati ya Mwenge na Ubungo, mahali ambapo maelfu ya watu hupita kila siku.

Mwaka ule ule wa 2006 jambo jingine lilitokea mijini. Serikali iliamuru wachuuzi waondolewe barabarani. Wachuuzi hao jina lao mnalijua: wamachinga. Watu wengi husema kwamba jina hilo latokana na Wamachinga, kabila la mkoa huu wa Lindi, kwa kuwa vijana wengi wa kusini walikuwa wa kwanza kwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mikononi.

Kwa nini waliondoka kwao? Msimu wa mwaka 1973 na 1974 Tanzania ilivuna korosho kadiri ya tani 145,000, na nyingi zilitoka kusini. Kufika msimu wa 1986 na 1987 mavuno yalikuwa yameshuka hata hayakufika tani 20,000. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa mbaya, na mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2003. Hata hivyo vijana walisafiri. Huko mjini hawakupokewa kwa furaha. Mwaka 1983 kulikuwa na sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na kazi ya kuandikishwa walikamatwa wakarudishwa mashambani. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wachuuzi wakaongezeka, na hapo jina la machinga likaenea nchi nzima.

Halmashauri ya Jiji ilikuwa na shida ya kweli. Njia za miguu zilijaa bidhaa, magari yalikwama, na wenye maduka waliolipa kodi walinung'unika kwamba wanazibiwa milango. Kwa hiyo ikaonekana vyema kuwajengea wamachinga jumba lao. Fedha zilikopwa kwa NSSF, mfuko wa akiba za wafanyakazi. Likajengwa jumba la ghorofa pale Karume, Ilala, lenye maelfu ya vizimba, likamalizika mwaka 2010. Likaitwa Machinga Complex. Kizimba ni mahali padogo pa mchuuzi mmoja kuweka bidhaa zake.

Lakini vizimba vingi vilikaa vitupu miaka mingi, na wachuuzi wengi waliochukua vizimba walivitoka wakarudi barabarani. Kwa nini? Wengine walidhani ni ukaidi tu. Tulifikiri kama wafanya biashara. Mteja wa machinga ni mtu anayepita. Ametoka kazini, anakimbilia basi, anaona soksi au tochi, ananunua, anakwenda zake. Hakutoka nyumbani ili kutafuta soksi. Mtu huyo hapandi ngazi mpaka ghorofa ya juu kwa ajili ya soksi. Pale Southdale njia ya watu ilipangwa kwanza, maduka yakafuata. Pale Karume wachuuzi waliondolewa njiani wakapewa kuta. Na mchuuzi anayekula leo kwa alichouza leo hawezi kungoja mwaka mzima mpaka wateja wazoee, huku kodi ya kizimba inamngoja.

Tulinganishe na soko la Kariakoo, lililo jirani. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1975, na aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake lilifanywa kama miavuli iliyogeuzwa, ikinga maji ya mvua. Lilijengwa pale pale ambapo watu walikuwa wakikutana kununua, na mitaa yote ya Kariakoo huelekea huko. Julai 2021 moto uliliteketeza jengo hilo, na hasara ilikuwa kubwa. Lakini biashara ya Kariakoo haikufa, iliendelea katika mitaa iliyo kandokando. Jengo liliungua, njia ya watu ilibaki.

Tangu hapo amri zimebadilika mara kwa mara. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo kwa shilingi 20,000, ili wasibughudhiwe. Mwaka 2021, katika utawala wa Rais Samia, wachuuzi walihamishwa tena kwenda mahali walipopangiwa. Haki iko pande zote mbili: mwenda kwa miguu anataka njia yake, na mchuuzi anataka mkate wake.

Basi tumejifunza nini? Siku moja mkutano utaitwa, hapa Mchinga au Lindi mjini, na mtaambiwa kwamba soko jipya litajengwa. Msikatae kwa sababu ni jipya, wala msikubali kwa sababu lina ghorofa. Ombeni karatasi za mpango, mzisome wenyewe, kisha mwulize mambo matatu. Njia ya watu inapita wapi? Mwenye jengo ni nani, na kodi yake ni kiasi gani? Na mlangoni, nani ataruhusiwa na nani atazuiwa? Mtu asiyejua kusoma hupiga kidole gumba juu ya jambo ambalo wengine wamekwisha kuliamua. Ninyi sasa mnaweza kusoma kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wenye Southdale waliweka maduka mawili yanayoshindana katika nyumba moja?

2. Soko la mji na jumba la maduka vinatofautiana nini?

3. Kila mmoja aandike mistari mitano kueleza wateja wa soko la kwao wanatoka wapi na wanapita njia gani. Kisha msomeane.

Mpaka somo lijalo, ndugu zangu, kwaherini.