Kuuza na kuachiana tiketi za msimu za soka

Kuuza na kuachiana tiketi za msimu ni utaratibu unaomwezesha shabiki wa mpira wa miguu aliyelipia kiti cha msimu mzima kumpa mtu mwingine nafasi yake katika mechi asiyoweza kuhudhuria. Utaratibu huu umeenea hasa katika ligi kubwa za Ulaya, ambako viwanja hujaa na tiketi za msimu ni vigumu kupatikana. Husimamiwa na kanuni za klabu, na katika baadhi ya nchi pia na sheria za jinai.

Msingi wake ni kwamba tiketi ya msimu si mali kamili ya aliyeinunua. Ni ruhusa ya kuingia uwanjani na kukaa mahali fulani, ambayo klabu huitoa kwa jina la mtu mmoja, kwa masharti, na inaweza kuiondoa. Kwa sababu hiyo mwenye tiketi anayeiuza kwa njia isiyokubalika anaweza kupoteza kiti alichokikalia kwa miaka mingi, hata kama hakupata faida yoyote.

Tiketi ya msimu

Tiketi ya msimu humruhusu mwenyewe kuingia katika mechi zote za ligi ambazo klabu inacheza nyumbani. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, hivyo kila klabu hucheza mechi 38, na 19 kati ya hizo ni za nyumbani. Bundesliga ya Ujerumani ina timu 18, na kila moja hucheza nyumbani mara 17. Kuhusu mechi za vikombe na za mashindano ya Ulaya, kila klabu ina utaratibu wake: baadhi huzijumlisha katika bei ya tiketi, nyingine humpa mwenye tiketi nafasi ya kwanza ya kununua kiti chake kwa malipo ya ziada.

Mwenye tiketi hukaa kiti kilekile mwaka hadi mwaka, mara nyingi kando ya majirani walewale, na msimu unapokwisha hupewa nafasi ya kuilipia tena kabla ya watu wengine. Katika vilabu vikubwa haki hiyo ya kulipia tena ina thamani kuliko tiketi yenyewe, kwa kuwa anayeipoteza hulazimika kujiunga na orodha ya kusubiri ambayo inaweza kuchukua miaka mingi. Ndiyo maana shabiki aliyepata kazi ya mbali, aliyeugua au aliyepata mtoto mchanga hapendi kuirudisha tiketi. Huilipia na kutafuta watu wa kuitumia mpaka hali yake ibadilike.

Sababu za kukosa mechi

Mbali na ugonjwa, safari na zamu za kazi, sababu kubwa ni mabadiliko ya ratiba. Nchini Uingereza muda wa desturi wa soka ni Jumamosi saa tisa alasiri, muda ambao televisheni za nchi hiyo haziruhusiwi kuonyesha mechi moja kwa moja. Kwa hiyo mechi zinazochaguliwa kuonyeshwa huhamishiwa saa au siku nyingine, kama Ijumaa usiku, Jumapili au Jumatatu usiku. Mabadiliko hutangazwa baada ya tiketi za msimu kulipiwa, na shabiki anayeishi mbali na uwanja anaweza kukosa usafiri wa kurudi nyumbani.

Njia za kuhamisha kiti

Vilabu huruhusu njia kuu tatu.

Ya kwanza ni soko la tiketi la klabu. Mwenye tiketi huingia katika akaunti yake kwenye tovuti ya klabu na kuonyesha kwamba hatakuwepo. Klabu hukiuza kiti hicho kwa mwanachama mwingine. Vilabu vingi hufungua soko hilo kwa mechi fulani baada tu ya tiketi zao wenyewe kumalizika, na hulifunga saa chache kabla ya mechi. Kiti kisiponunuliwa, mwenye tiketi halipwi kitu. Kwa sababu hiyo kiti cha mechi dhidi ya mahasimu wakubwa hununuliwa upesi, lakini cha mechi ya katikati ya wiki wakati wa baridi kinaweza kubaki bila mteja.

Ya pili ni kumtumia mtu anayejulikana. Mwenye tiketi huchagua jina la ndugu au rafiki katika akaunti yake, na tiketi ya mechi hiyo moja hutumwa kwenye simu ya mtu huyo. Vilabu vingi hudai kwamba anayepokea awe amesajiliwa au awe mwanachama anayelipa ada. Ikiwa tiketi ni ya mtoto au ya mzee, ambayo bei yake ni ndogo, mtu mzima anayeipokea hulipa tofauti.

Ya tatu ni kushirikiana tiketi moja. Watu wawili au zaidi huchanga bei ya msimu na kugawana mechi, kila mmoja akichukua zamu yake. Klabu hata hivyo humtambua mmoja tu, yule ambaye jina lake limesajiliwa. Yeye ndiye anayewajibika endapo aliyekalia kiti atafanya fujo, na yeye ndiye mwenye haki ya kulipia tena. Ushirika ukivunjika, aliyechanga kwa miaka kumi bila jina lake kusajiliwa hana anachoweza kudai kwa klabu. Mwenye jina akifariki, baadhi ya vilabu huruhusu kiti kipite kwa mke, mume au mtoto, na vingine hukirudisha kwenye orodha ya kusubiri.

Zamani tiketi ilikuwa kijitabu cha vipande vya karatasi, na kipande cha mechi kilichanwa na kutolewa kwa mwingine. Baadaye ilikuja kadi ya plastiki, ambayo mwenyewe alimwazima rafiki na kuomba irudishwe. Vilabu vingi sasa hutumia tiketi ya simu janja, na hivyo klabu inaweza kujua ni nani aliyepita langoni na ni mara ngapi kiti kimehamishwa. Mabadiliko hayo yamerahisisha kumtumia rafiki aliye mji mwingine, lakini yamewatatiza wazee na wengine wasio na simu janja.

Hesabu ya malipo

Malipo ya mwenye tiketi kwa kawaida ni sehemu ya bei aliyolipa. Kwa mfano, tiketi ya pauni 950 kwa mechi 19 ni sawa na pauni 50 kwa kila mechi. Ikiwa kiti kama hicho huuzwa pauni 65 kwa mechi moja, mnunuzi anaweza kulipa pauni 65, mwenye tiketi akapata 50, na klabu ikabaki na 15. Vilabu vingine hukata ada ndogo ya huduma badala ya kuchukua tofauti yote. Mara nyingi fedha hazitolewi taslimu bali hupunguzwa kwenye bei ya msimu ujao.

Hesabu hiyo huleta malalamiko ya pande mbili. Wenye tiketi husema klabu imekiuza kiti kimoja mara mbili. Vilabu hujibu kwamba tiketi ya msimu imekwisha punguzwa bei, na kwamba mtu hapaswi kupata faida kwa kutokwenda uwanjani.

Sheria za nchi

Katika Uingereza na Wales, kuuza tiketi ya soka bila idhini ni kosa la jinai. Chanzo chake ni maafa ya Hillsborough mjini Sheffield tarehe 15 Aprili 1989, ambako msongamano ulisababisha vifo vya mashabiki 97 wa Liverpool. Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilipendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu bila sehemu za kusimama, na iligusia pia ulanguzi wa tiketi. Walanguzi walikuwa wakimwuzia yeyote, hivyo mashabiki wa timu pinzani walijikuta katika jukwaa moja na juhudi za kuwatenganisha zikaharibika.

Kifungu cha 166 cha Sheria ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma ya mwaka 1994 kinakataza mtu asiyeidhinishwa kumwuzia au kumpa mwingine tiketi ya mechi za soka zilizotajwa kisheria. Mwaka 2006 kilirekebishwa ili kibane pia mauzo ya mtandaoni. Kifungu hicho hakitofautishi bei: anayeuza kwa bei ileile aliyonunulia anaweza kushtakiwa sawa na anayeuza kwa bei mara tatu. Adhabu ni faini, na mahakama inaweza pia kumpiga marufuku mkosaji kuingia viwanjani. Tiketi za muziki na tamthilia hazihusiki, na Uskoti haimo katika kifungu hicho. Soko la klabu na huduma ya kumtumia rafiki ni halali kwa sababu hufanyika kwa idhini ya klabu.

Nchini Ufaransa, sheria ya tarehe 12 Machi 2012 inaadhibu kuuza tiketi kwa mazoea bila idhini ya mwandaaji wa mashindano. Faini ni yuro 15,000, na yuro 30,000 kwa anayerudia kosa. Neno "mazoea" lina uzito: anayeuza tiketi moja kwa sababu ameugua halengwi na adhabu hiyo.

Ujerumani hutegemea zaidi mkataba kati ya klabu na mnunuzi. Katika kesi iliyohusu klabu ya Hamburger SV, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua tarehe 11 Septemba 2008 kwamba klabu inaweza kumzuia mfanyabiashara anayenunua tiketi kwake huku akificha nia ya kuziuza. Haikuweza, hata hivyo, kumzuia kununua kutoka kwa watu binafsi. Baada ya hapo kazi kubwa imekuwa kuwabana wenye tiketi wenyewe kwa masharti ya mkataba. Nchini Italia tiketi hubeba jina la mtumiaji, na mwenye tiketi ya msimu anayemwachia mwingine hubadilisha jina kabla ya mechi.

Kampuni za kuuza tiketi

Klabu inaweza kuidhinisha kampuni ya nje kuendesha mauzo hayo. Kampuni ya viagogo ilipoanza mwaka 2006 ilikuwa na mikataba na Manchester United na Chelsea. Katika miaka ya 2010 Tottenham Hotspur ilishirikiana na StubHub, na mashabiki waliojipanga walipinga kwa sababu wenye tiketi za msimu waliweza kuuza viti kwa bei kubwa kuliko ile ya klabu. Hoja yao ilikuwa kwamba jambo lililo kosa mtaani lilikuwa limehalalishwa kwenye tovuti. Baadaye vilabu vingi vilielekea kwenye masoko yao wenyewe yenye bei isiyopanda.

Barcelona dhidi ya Eintracht Frankfurt, 2022

Klabu ya FC Barcelona ina utaratibu uitwao Seient Lliure, yaani "Kiti Huru". Mwanachama mwenye tiketi ya msimu huiarifu klabu kwamba hatakuja, na kiti kikiuzwa hupata sehemu ya mapato. Uwanja wa Camp Nou ulikuwa na wenye tiketi za msimu zaidi ya 80,000, na watalii wengi waliingia kwa viti hivyo.

Tarehe 14 Aprili 2022 Barcelona iliikaribisha Eintracht Frankfurt katika robo fainali ya Ligi ya Europa. Wageni walitengewa tiketi 5,000 hivi, lakini Wajerumani walioingia walikadiriwa kufikia 30,000, na majukwaa mengi yalijaa nguo nyeupe. Tiketi ziliwafikia kwa ununuzi wa mtandaoni, kupitia wauzaji wa kati, na kutoka kwa baadhi ya wanachama. Barcelona ilifungwa mabao 3–2 na kutolewa. Rais wa klabu, Joan Laporta, alisema aliona aibu kwa yaliyotokea, na klabu ikatangaza kwamba tiketi za mechi za kimataifa zitakuwa na majina na hazitahamishwa. Frankfurt iliendelea hadi kutwaa kombe hilo.

Mechi hiyo ilionyesha kwamba uamuzi mdogo wa kila mwenye kiti unaweza, ukijumlishwa, kuiondolea timu faida ya kucheza nyumbani.

Viti vitupu na masharti ya mahudhurio

Kiti kilicholipiwa lakini hakina mtu ni hasara ya aina nyingine. Klabu imekwisha pata fedha, lakini uwanja hupoa na aliye kwenye orodha ya kusubiri hukosa nafasi. Vilabu kadhaa vimeweka idadi ya chini ya mechi ambazo kila kiti lazima kitumike katika msimu. Kwa kawaida kukiuza kiti kwenye soko la klabu au kumtumia rafiki huhesabiwa kuwa kimetumika. Vingine huweka pia kikomo cha mara ambazo kiti kinaweza kuhamishwa, ili kumzuia mtu anayeshikilia tiketi kama biashara tu.

Masharti hayo huwagusa zaidi wagonjwa wa muda mrefu na wafanyakazi wa zamu, hivyo baadhi ya vilabu hutoa msamaha kwa anayewasilisha sababu mapema.

Hatari kwa mnunuzi

Mnunuzi anayepata tiketi nje ya njia za klabu hukabiliwa na hatari kadhaa. Muuzaji anaweza kuiuzia tiketi moja watu wengi, na wa kwanza kufika langoni ndiye anayeingia. Anaweza pia kumwazima simu au kadi kisha kudai amana kubwa. Klabu ikigundua uuzaji huo hufuta tiketi, na mnunuzi huzuiwa langoni bila kurudishiwa fedha zake. Wageni wanaosafiri kutoka nchi za mbali ndio huumia zaidi, kwa kuwa gharama ya ndege na hoteli imekwisha lipwa. Njia salama kwao ni kujisajili kuwa wanachama wa klabu na kusubiri viti vinavyoachwa na wenye tiketi za msimu kwenye soko lake.